Mtandao upi umekata? Tatizo la orodha za msamiati wa intaneti

Masomo mengi ya "intaneti kwa wanaoanza" kwa Kiswahili huja na orodha ileile: intaneti ni mtandao, wavuti ni mtandao wa dunia, kivinjari ni programu ya kuvinjari. Ukisoma vizuri utaona hakuna kilichoelezwa. Neno moja limewekwa mahali pa jingine, basi.

Shida kubwa ni neno mtandao lenyewe. Kwetu linabeba mizigo minne: kampuni ya simu ("unatumia mtandao gani?"), mawimbi ya simu ("huku hakuna mtandao"), intaneti, na mitandao ya kijamii ("nimeiona mtandaoni"). Watu kuongea hivyo si vibaya. Kibaya ni somo kuuacha mkanganyiko huo kama lilivyoukuta.

Tofauti yenyewe wala si ngumu. Intaneti ni njia: nyaya, minara na kanuni za kusafirisha data, TCP/IP, ambazo ARPANET ilihamia rasmi Januari 1, 1983. Wavuti ni huduma mojawapo inayopita humo. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN. Barua pepe ni huduma nyingine, tena imeitangulia wavuti. Barabara ni moja. Daladala, lori na bodaboda zote zinapita.

Je, ina maana yoyote kwa mtumiaji wa kawaida? Sana. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Anayejua njia hiyo inavyofika kwake anaelewa kwamba bando jipya haliungi waya uliokatika. Asiyejua anatoa hela tu. Na akipigiwa simu na "mtu wa mtandao" anayeomba namba ya siri, hana hata pa kuanzia kuuliza: mtandao upi?

Tusizitupe orodha zote, maana zina maneno mazuri. Kupakua kunaeleweka hapo hapo: chakula kinatoka chunguni kuja kwenye sahani yako, na faili linatoka kwenye kompyuta ya mbali kuja kwenye simu yako. Kishikwambi nacho kimezoeleka, hasa baada ya makarani wa sensa ya 2022 Tanzania kuonekana nacho mlangoni. Lakini nywila inamsaidia nani anayeanza, wakati neno la siri linajieleza lenyewe?

Mimi ningetaka kila neno lijibu maswali matatu: ni kitu gani, kiko wapi, na kikigoma utaona nini. Mfano: kivinjari ni programu iliyo kwenye simu yako, kama Chrome au Firefox, inayoomba ukurasa kutoka kompyuta nyingine na kukuonyesha. Kikigoma huku WhatsApp inapokea ujumbe, intaneti ipo. Angalia kivinjari, tovuti yenyewe, au kama bando lako ni la WhatsApp peke yake.