Mlima Mahali Pasipo Pake

Mwaka 1982 bendi ya Toto ya Los Angeles ilitoa wimbo uitwao "Africa", utungo wa David Paich na Jeff Porcaro. Februari 1983 ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Paich alikuwa hajalikanyaga bara hili. Alilijua kwa picha na kwa masimulizi ya walimu wake wa skuli ya Kikatoliki, waliowahi kuwa wamisionari huku. Ndiyo maana Kilimanjaro imechomoza katika ubeti wake juu ya Serengeti, ikafananishwa na mlima wa miungu ya Wayunani, ilhali baina ya viwili hivyo zipo kilomita zaidi ya 200, na Meru na nyanda za Ngorongoro zimesimama njiani.

Wengi tumeucheka mstari huo. Lakini siku nilipojaribu kuutia wimbo katika Kiswahili, mlima haukunisumbua hata kidogo. Kilichonishinda ni mvua. Mwimbaji anajitwisha kazi ya kuzibariki mvua. Zipi? Za masika? Za vuli? Au mchoo, ule uangukao wakati wa kipupwe? Na zito zaidi ni huko kubariki. Kwetu mvua ndiyo baraka yenyewe, na ikikawia watu hutoka uwanjani wakaswali swala ya kuiomba. Mja kuibariki mvua ni mkono wa chini kuupa wa juu. Nilijaribu "kuziombea", nikajaribu "kuzishukuria". Kila neno lilimsahihisha mtunzi, na hiyo si kazi ya mfasiri. Nikarudisha "kuzibariki" na ugeni wake wote. Hapo ndipo nilipomsikia yule mtu: amesimama mbele ya asichokijua, anataka kutoa kitu, na mfukoni hana ila alichofunzwa na walimu wake.

Mei 2018 Weezer, bendi ya roki ya mji huo huo, waliuimba upya, baada ya mashabiki kuwasihi kwa miezi. Kwanza waliwajibu kwa utani, wakatoa "Rosanna", wimbo mwingine wa Toto. Walipofika kwenye "Africa" walikuwa waaminifu mno: mlima uko pale pale, mvua zinabarikiwa vile vile. Magitaa yanajaa katika kiitikio, na sauti ya Rivers Cuomo ni safi. Hata hivyo kuna kilichopotea. Kwa Toto, Paich huanza chini, karibu na kusema, kama mtu asiyejiamini. Kisha Bobby Kimball na wenzake humpokea kwa juu. Chini yao ngoma za Porcaro na Lenny Castro, zilizorekodiwa kwa utepe ukizunguka, zinakwenda bila kuchoka. Kwa Weezer kusita huko hakusikiki. Toto waliimba bara wasilolijua; Weezer wanaimba wimbo wanaoujua kupita kiasi, na kosa la kutamani likawa kosa la kunakili. (Toto nao walilipa mwaka huo huo kwa kuimba "Hash Pipe" ya Weezer, wakafanya vizuri.)

Ninamwonea huruma yule mzee wa kwenye ubeti, asimamishwaye njiani ili aulizwe habari za kale, naye akamhimiza tu kijana afanye haraka. Katika toleo la 2018 anapitwa kama kibao cha barabarani. Katika tafsiri yangu bado sijapata Kiswahili cha kumjibisha.