Wimbo wa Orpheus Kuzimuni

Habari za Orpheus, mpiga kinubi wa Wayunani aliyeshuka kuzimu kumwombea mkewe Eurydice, twazisoma kwa washairi wawili wa Roma. Ovidius, katika kitabu cha 10 cha Metamorphoses, atupa maneno yenyewe ya wimbo ule. Nasi twasikia hoja za mdai barazani. Vergilius, aliyemtangulia katika kitabu cha 4 cha Georgica, hakuandika neno lake hata moja; aonyesha wasikiaji tu, wafu wakikusanyika na mbwa wa kuzimu akiduwaa. Lakini Orpheus ageukapo nyuma, Eurydice wa Vergilius anung'unika. Wa Ovidius asema buriani tu, nasi twahuzunika zaidi. Basi kila mtungaji amemzidi mwenziwe pale aliponyamaza. Wafundishao utungaji na walishike neno hili.