Viren Alivyokwama Mbele ya Malkia Mtoto

Katikati ya msimu wa pili wa katuni ya The Dragon Prince, Lord Viren anasimama mbele ya watawala wa falme nne jirani. Anataka waungane na Katolis kuipiga vita Xadia, nchi ya majoka na ya viumbe waliozaliwa na uchawi. Amejiandaa vilivyo. Ana sauti nzito, ana usomi, anajua kupanga hoja, na zaidi ya yote ana kisa cha kweli kinachowagusa waliomo ukumbini. Anayemkwamisha ni Aanya, malkia wa Duren, yatima wa umri wa miaka 10 hivi. Hakuna upanga unaochomolewa. Binti anasikiliza, anapima, anakataa, na mpango wa Viren unaporomoka.

Katika misimu saba Viren anaanguka mara nyingi, na safari moja anaanguka kweli kweli, kutoka kileleni mwa mlima hadi kwenye mawe. Hata hivyo pigo la ukumbini ndilo lililosukwa kwa ustadi mkubwa kuliko yote, na linastahili kufumuliwa uzi mmoja mmoja ili ionekane waandishi walifanyaje.

Kwanza historia kidogo. Tamthilia hii ya katuni ilibuniwa na Aaron Ehasz na Justin Richmond. Ehasz alikuwa kiongozi wa waandishi wa Avatar: The Last Airbender, Richmond alitoka kwenye kazi ya michezo ya video. Netflix ilianza kuionyesha tarehe 14 Septemba 2018 na kuimaliza Desemba 2024, jumla ya sehemu 63, na mwaka 2020 ilipata tuzo ya Emmy katika kundi la katuni za watoto. Picha zilichorwa na kampuni ya Bardel ya Vancouver, Kanada.

Viren ni mchawi mkuu wa Katolis na rafiki wa miaka mingi wa Mfalme Harrow. Uchawi wake ni ule wa giza, unaonyonya uhai wa viumbe vingine ili kupata nguvu. Waandishi hawakumfanya mpenda uovu. Walimpa hoja. Anaamini kwamba binadamu, waliozaliwa bila uchawi wowote, wataendelea kuonewa na majoka mpaka watakapotumia kila silaha iliyopo. Mtazamaji akimsikiliza kwa dakika tano hujikuta anaitikia kwa kichwa. Huo ndio msingi wa kazi yote: ayari ambaye hoja zake ni nyepesi hawezi kushindwa kwa namna yenye uzito, kwa kuwa mtazamaji alikwisha kumshinda kabla ya mhusika yeyote kufungua kinywa.

Kuelekea ukumbini, waandishi wanamfungia Viren mlango mmoja baada ya mwingine. Harrow akiisha kufa, anataka avikwe taji haraka. Jenerali Amaya, shangazi wa wana wa mfalme, anamzuia na kudai watoto watafutwe kwanza. Amaya ni kiziwi na husema kwa lugha ya alama, kwa hiyo ufasaha wa Viren, silaha yake kuu, haufui dafu kwake kirahisi. Viren hagombani naye. Anamrudisha mpakani kwa kisingizio cha ulinzi, halafu anawatuma wanawe mwenyewe, Soren na Claudia, wakawatafute wana wa mfalme. Kila mmoja anapewa faraghani agizo la siri ambalo mwenzake halijui: Soren ahakikishe watoto hawarudi, Claudia alete yai la joka walilonalo watoto hao hata ikibidi kumwacha kaka yake. Alipokosa taji, akaukimbilia mhuri wa mfalme, na kwa mhuri huo akawaita watawala wenzake kana kwamba mamlaka ni yake. Kila mlango unaofungwa unamsukuma kwenye mlango wa gharama kubwa zaidi. Mtazamaji anaiona gharama hiyo. Watawala waliokaa mezani hawaioni.

Hapo ndipo kisa cha kweli kinapoingia. Miaka tisa nyuma, Duren ilikumbwa na njaa. Malkia wake wawili, Annika na Neha, walikuja Katolis kuomba chakula. Harrow na mkewe Sarai walikuwa tayari kugawana nao kilichopo ghalani, ingawa Katolis yenyewe haikuwa na ziada. Viren akaleta njia yake: wavuke mpaka waingie Xadia, waue jitu la volkano, na moyo wa jitu hilo utumike kwenye uchawi utakaoipasha ardhi moto na kuotesha mazao. Walifanikiwa. Njaa ikashindwa. Lakini mfalme wa majoka aliwafuata, na safari ile ikagharimu maisha ya Annika, Neha na Sarai.

Anayesimuliwa habari hii ni binti wa Annika na Neha.

Hesabu ya Viren iko wazi. Anamkumbusha Aanya deni la ufalme wake kwa Katolis, na kwa pumzi hiyohiyo anamchokonoa kidonda cha mama zake waliouawa na joka. Deni na msiba vikishikana mikono, mtoto atakubali. Angemdanganya, angekuwa mwovu wa kawaida. Lakini anasema kweli, na mtazamaji anajua kuwa anayesema kweli hii ameficha nyingine: yai la joka, ambalo wengi wanaamini liliharibiwa, ni zima, na kulirudisha Xadia kungeweza kuleta amani. Ukweli umewekwa mkononi mwa mwongo. Mvutano wa ukumbini unatoka hapo, na ndiyo sababu maneno matupu ya watu waliokaa yanashika roho kuliko mapambano kadhaa ya joka yaliyomo katika msimu uleule.

Jibu la Aanya halitokani na siri aliyoigundua wala na mshauri aliyemnong'oneza. Linatoka ndani ya kisa chenyewe. Viren ameeleza mwenyewe kwamba Duren ilipokuja na njaa, jibu la kwanza la Harrow na Sarai lilikuwa kugawana chakula. Ameeleza mwenyewe kwamba damu iliyomwagika ilimwagika ili kuokoa watu wenye njaa. Sasa anaomba damu nyingi zaidi, na hakuna mwenye njaa mlangoni. Aanya anakubali kuwa ufalme wake una wajibu wa shukrani. Hakubali kuwa shukrani hiyo ilipwe kwa vita itakayoangamiza maelfu. Viren amebeba hukumu yake mwenyewe ndani ya hotuba yake, na mtoto ameisoma kwa sauti.

Ufundi wa picha na sauti ulikuwa na kazi yake hapa. Msimu wa kwanza ulilalamikiwa na watazamaji kwa sababu mwendo wa wahusika ulikuwa wa kudundadunda. Watengenezaji walikuwa wamepunguza picha kwa kila sekunde kwa makusudi ili katuni ya kompyuta ifanane na iliyochorwa kwa mkono. Waliyasikia malalamiko, na msimu wa pili mwendo ukalainishwa. Katika mapigano tofauti hiyo inaonekana kidogo tu. Katika kikao ni kila kitu, kwa maana kikao kinachezwa kwa kope, kwa midomo na kwa shingo inayogeuka taratibu. Sauti ya Viren ni ya Jason Simpson, nzito, yenye subira ya mwalimu. Aanya amepewa sauti ya Zelda Ehasz, nyepesi na isiyo na madaha. Kuna jambo jingine: maneno ya uchawi wa giza katika tamthilia hii ni sentensi za Kiingereza zilizopigwa kinyumenyume, yakisikika kama koo linalosagwa. Ukumbini Viren anatumia lugha ya kawaida, iliyonyooka, na sikio la mtazamaji linabaki likiusubiri ule mkwaruzo.

Baada ya pigo, waandishi hawakumrudishia mambo bure. Opeli, mmoja wa wazee wa baraza, anamkamata kwa kosa la kuutumia mhuri usio wake. Viren, ambaye amekuwa akizungumza kupitia kioo cha uchawi na mfungwa aitwaye Aaravos, anakubali njia ya aibu zaidi: kutuma wauaji wa kivuli kwa watawala walewale ili mashambulizi yaonekane yametoka Xadia. Mfalme Ahling wa Neolandia anajeruhiwa vibaya, na mwanawe Kasef anataka vita. Muungano alioshindwa kuupata kwa hoja anaupata kwa hila. Kutoka kifungoni anaingia kwenye kiti cha enzi.

Ila Aanya anamshinda muuaji aliyetumwa kwake. Na kwenye vita kuu ya mwisho wa msimu wa tatu, jeshi la Duren linatokea upande wa wanaomlinda mtoto wa joka aliyetoka katika lile yai. Mwandishi asiye makini angemsahau binti yule baada ya kikao.

Vita hiyo kuu, chini ya mlima wa Storm Spire, ina pigo la pili ambalo wengi hulikumbuka zaidi. Soren anamchoma baba yake upanga na kugundua kuwa ni kiini macho. Viren halisi amekwisha kupanda juu kumnyonya uhai mtoto wa joka. Rayla, mmoja wa wanaomlinda mtoto huyo, anamvamia, wanaporomoka wote wawili, na Callum, mmoja wa wana wa mfalme, anaota mbawa zake za uchawi kwa wakati ule ule na kumdaka Rayla hewani. Kwa macho ni fahari tupu. Kwa ufundi ni pigo dogo. Ujanja wa Viren safari hii ulifanya kazi barabara, na kilichomwangusha ni ushujaa wa mtu mwingine, kisha mbawa zilizofika kwa saa yake. Baadaye Claudia anamfufua, na anguko lile linapoteza sehemu ya uzito wake. Kukataa kwa Aanya hakukuhitaji kufutwa na uchawi wowote.

Msomaji wa Nyabusozi, au popote pale Biharamulo na Ngara, ana kipimo chake cha mambo haya kabla hata ya kuwasha skrini. Ufalme wa Rusubi wa huko ulitawaliwa na Bahinda, ambao masimulizi huwaunganisha na Ruhinda, na kupitia kwake na Wamara wa nasaba ya Bachwezi. Nyuma ya Wamara kuna mfalme Isaza, na kinyume cha Isaza kuna ayari mkubwa wa masimulizi ya Kitara: Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu.

Nyamiyonga anaanza kwa mafumbo. Anamtumia Isaza mafumbo sita, na wazee wa ikulu wanabaki wameduwaa mpaka kijakazi Kazana anapoyafumbua kwa vitu vya nyumbani: sauti ya ndama inayomgeuza mfalme kichwa, ugali, mtoto mchanga asiyejua cheo cha mtu. Ni pigo la kwanza, na limetoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Nyamiyonga anatuma tena, safari hii akiomba udugu wa damu kwa buni za kahawa, jambo ambalo mtu wa Kagera halihitaji kuelezwa. Isaza anaogopa kuchanganya damu na asiyemjua, akamtanguliza bawabu wake Bukuku aitafune buni badala yake. Nyamiyonga akiigundua hila hiyo anamtuma binti yake Nyamata akapeleleze mfalme anapenda nini kuliko vyote. Jibu likarudi: ng'ombe. Fahali na jike wazuri wakapelekwa zizini mwa Isaza, wakatoroka, naye akawafuata hadi chini ya ardhi. Hakurudi. Kila mtego ulioshindwa ulifundisha mtego uliofuata, mpango uleule wa milango ambao Viren alipitishwa.

Na Bukuku, aliyekikalia kiti kilichoachwa wazi, ndiye hasa ndugu wa Viren. Waganga walimwambia amwogope mtoto atakayezaliwa na binti yake Nyinamwiru. Akamharibu binti jicho na sikio, akamfungia mahali pasipofikika. Isimbwa, mtoto wa Isaza na Nyamata, akamfikia kwa msaada wa kijakazi, na Ndahura akazaliwa. Mtoto alitupwa mtoni, akaokolewa na mfinyanzi Rubumbi, akakua, na mkuki wake ukammaliza Bukuku. J. W. Nyakatura aliyaandika masimulizi haya katika Abakama ba Bunyoro-Kitara mwaka 1947, na matoleo ya simulizi hutofautiana kutoka ufalme hadi ufalme. Katika mengi yake mpango wa ndani ni mmoja: ukuta wa Bukuku ndio unaotengeneza adui wa Bukuku.

Hadithi kama hizi sasa ziko jirani na meza za wachoraji. Mwaka 2023 mkusanyiko wa Kizazi Moto kwenye Disney+ ulikuwa na filamu fupi kumi za Kiafrika, mojawapo ikiwa Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, yenye wachungaji wa ng'ombe wa zama zijazo. Atakayemchora Bukuku kwa mbinu ya kikao cha Viren na Aanya atalazimika kuamua mambo ambayo msimuliaji wa jioni huyapita kwa sentensi moja. Hofu ya Bukuku itabidi iwe na sababu, maana bawabu aliyerithi enzi bila damu ya kifalme ana haki ya kulala jicho moja wazi. Mtazamaji atatakiwa amjue Isimbwa ni nani kabla Bukuku hajajua. Na kijakazi aliyempitisha Isimbwa, ambaye masimulizi humtaja kwa haraka kisha humwacha, atahitaji tukio lake mwenyewe: alimhudumia kila siku binti aliyeharibiwa uso na baba yake, na usiku ule alikuwa peke yake aliyejua mahali pa kuingilia.