Gobori Lililong'aa Kupita Kiasi

Gobori lilizungushwa barazani Tabora, mkono kwa mkono, likasifiwa mpaka likaona haya. Mtutu unang'aa kama sufuria ya bi harusi, kitako kimepakwa vanishi, na mwenye nalo anaapa lilibebwa na rugaruga, askari wa Mirambo, mtemi wa Urambo. Mzee mmoja aliyekulia kwa wafua chuma alilipokea, akaligeuza mara moja, akalirudisha bila neno. Alikuwa ameona taji.

Taji hilo dogo hukaa juu ya umbo la yai lenye herufi ELG na nyota, chapa ya kituo cha kupimia bunduki cha Liège, Ubelgiji. Liège ilianza kuliongeza mwaka 1893. Mirambo alifariki 1884.

Lakini chapa ni darasa la kwanza. Ajuaye magobori hutafuta mshono.

Mitutu ya bei nafuu ilifuliwa kwa bapa la chuma lililokunjwa kuzunguka fimbo, likapashwa moto hadi weupe, kingo zikagongwa zishikane. Jivu au kigaga kikibaki katikati, kingo hukumbatiana kwa nje tu. Tupa ikipita juu, ufa hulala humo miaka mia ukingoja baruti. Limbukeni huchungulia mdomo, akiona duara safi anaridhika; hajui kwamba mdomo ndio sehemu nyepesi kuliko zote kurembwa.

Kwanza mtutu uvuliwe kitako. Wenye kitako hauhukumiwi, basi. Unaning'inizwa kwa uzi na kugongwa kwa kijiti: mzima hulia kama kengele, sauti ikarefuka, mbovu hujibu kama chungu kilichopasuka. Kisha hupakwa mafuta ya taa yaliyochafuka, ukalala nayo usiku kucha, asubuhi ukafutwa ukauke, ukapakwa chaki iliyokorogwa. Chaki ikikauka huvuta mafuta yaliyojificha, na mshono mbovu hujiandika wenyewe: mstari mweusi kutoka nyuma kwenda mdomoni. Mafundi wa reli walikagua ekseli kwa njia hiyo hiyo kabla ya mashine za kisasa, na Tabora ni mji wa reli tangu 1912. Siku hizi kila mtu ana tochi ya simu, na hakuna anayeomba chaki.

Matapeli huujaza ufa risasi iliyoyeyushwa, wakausugua mtutu wote usitambulike. Sindano huwaumbua: kwenye chuma huteleza, kwenye risasi huacha mkwaruzo. Ndiyo maana mtutu wa kahawia, usio na mbwembwe, una heshima kuliko unaomeremeta.

Mtutu ukionyesha mstari, hauna dawa. Haukwaruzwi, hauchomelewi, haupigwi hata kwa shangwe za harusi, hutundikwa ukutani.

Pale barazani mzee hatimaye aliomba chaki na mafuta ya taa. Mwenye gobori akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya Urambo.