Pini, Kioo na Kamba: Uhakiki wa Mazungumzo ya Mchungaji Gifford juu ya Wachawi (1593)

Katika maandishi mengi juu ya uchawi yaliyotoka Uingereza katika karne ya 16 na ya 17, tumechagua kuhakiki moja ambalo mwandishi wake alikuwa mtumishi wa Neno, si hakimu wala mwanasheria. George Gifford alihudumu Maldon, mji wa bandari katika kaunti ya Essex. Mwaka 1584 alivuliwa uchungaji wa usharika wake kwa kukataa kutia sahihi masharti ya Askofu Mkuu Whitgift, lakini aliendelea kuhubiri papo hapo mpaka alipofariki mwaka 1600. Essex ilikuwa imekwisha kuona mashtaka mengi. Mwaka 1566, huko Chelmsford, Agnes Waterhouse alinyongwa baada ya kukiri kwamba alimtuma paka aliyeitwa Shetani kudhuru majirani. Mwaka 1582 Ursula Kemp wa St Osyth alinyongwa vilevile. (Wasomaji wakumbuke kwamba katika Uingereza mtu aliyehukumiwa kwa uchawi alinyongwa, moto ulikuwa desturi ya nchi nyingine.) Kwa hiyo Gifford hakuandika habari za mbali. Waliomsikiliza kanisani ndio waliokaa katika mabaraza ya hukumu.

Kitabu chake kimeandikwa kwa namna ya mazungumzo. Samweli, mkulima, amefiwa na kuku na nguruwe, na anaona sungura na paka wakimkodolea macho kwa namna isiyomridhisha. Mkewe amsihi aende kwa mganga wa kike anayesifiwa kwa kutambua wachawi. Danieli, mtu aliyezama katika Maandiko, anakutana naye njiani, anafuatana naye hadi nyumbani, na huko anajadiliana na mwalimu wa shule anayewatetea waganga. Mwishoni anaingia jirani mmoja wa kike ambaye hataki kusikia hoja yoyote. Aondoka kama alivyokuja, na Gifford hakujaribu kumwongoa kwa hila ya mwandishi. Kwa hilo twamsifu.

Jambo la kwanza linalomvutia msomaji ni vifaa. Mtu hutarajia kukuta humo zana za mchawi, naye akuta zana za anayemwogopa mchawi. Kuna kioo ambamo mganga humwonyesha mteja uso wa yule anayemshuku. Kuna chuma chenye moto kinachotumbukizwa katika maziwa yasiyotoa siagi, na mnyama anayechomwa akiwa hai ili mchawi aumie, na kucha za kumkwaruza mshukiwa hadi damu itoke. Danieli auliza ni nani hasa anayefanya uchawi hapo, na hoja yake ni kali: nyumba inayotumia dawa hizi imekwisha kumwendea Ibilisi huku ikidhani inamkimbia.

Ardhi yenyewe imemuunga mkono Gifford baada ya karne nyingi. Chini ya meko na vizingiti vya nyumba za kale za Uingereza zimefukuliwa chupa za udongo mgumu zilizotoka Ujerumani, zenye uso wa mzee mwenye ndevu. Watu walizipachika jina la Bellarmine, yule mwanateolojia Mjesuiti, kwa kejeli. Moja ilipatikana Greenwich mwaka 2004 ikiwa bado imezibwa; wataalamu walipochunguza yaliyomo walikuta mkojo, misumari, pini, nywele, vipande vya kucha, na ngozi iliyokatwa kwa umbo la moyo na kuchomwa. Chupa hii ni kinga ya mtu aliyejiona amerogwa. Mkojo ni wake mwenyewe, na pini zimekusudiwa kumchoma adui. Ajabu ni kwamba kama chupa hiyo ingeonekana chini ya kitanda cha bibi kizee asiyependwa, ingeitwa ushahidi. Kifaa ni kile kile; aliyekishika ndiye aliyekipa jina. Hata pini tupu ilitosha kuleta balaa: mwaka 1612 huko Lancashire msichana Alizon Device aliomba pini kwa mchuuzi, akanyimwa, na mchuuzi alipoanguka na kupooza upande mmoja, ndipo kesi za Pendle zilipoanza.

Hapa hatuna budi kugusa jambo la kwetu kwa kifupi. Sheria ya Uchawi ambayo serikali ya Kiingereza iliiweka Tanganyika mwaka 1928, na ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, inamhesabia mtu kosa kwa kuwa na chombo cha uchawi tu. Waingereza wenyewe walikuwa wamefuta mashtaka ya uchawi kwao tangu mwaka 1736, wakabakiza adhabu kwa anayejidai kuwa na uwezo huo.

Turudi kwa Gifford. Msingi wa teolojia yake ni kitabu cha Ayubu. Shetani hawezi kugusa hata mnyama bila ruhusa ya Mungu, wala nguruwe wa Wagerasi hawakuguswa mpaka Bwana alipotoa idhini. Basi mchawi hana nguvu yoyote juu ya kuku wa Samweli. Ibilisi huona ugonjwa unakuja kwa njia ya kawaida, akamshawishi bibi mwenye hasira kudhani kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Sisi Walutheri tunaitambua hoja hii. Johannes Brenz aliihubiri mwaka 1539 baada ya mvua ya mawe, akiwakataza watu kuwatafuta wachawi badala ya kutubu. Luther mwenyewe, tusifiche, katika mahubiri yake ya mwaka 1526 juu ya Kut. 22:18 aliikubali adhabu ya kifo.

Na hapa ndipo tunapoachana na Gifford. Yeye kama Brenz amemvua mchawi nguvu lakini hakumvua hatia. Danieli akiri kwamba mchawi anastahili kufa, si kwa sababu ameua mtu, bali kwa sababu ameshirikiana na mashetani. Na mganga anayesifiwa na kijiji naye astahili vivyo hivyo. Yamkini mwandishi alidhani kwamba anaipunguza hatari, kwa kuwa aliwaonya waamuzi wasihukumu kwa dhana na uvumi. Lakini tuifuate hoja mpaka mwisho wake. Ikiwa kosa si madhara, ng'ombe aliyekufa si ushahidi. Ikiwa vifaa havina nguvu, pini na sanamu ya udongo si ushahidi pia. Linalobaki ni agano la siri kati ya mtu na Ibilisi, na agano la siri halina shahidi ila mshtakiwa mwenyewe. Kwa hiyo lazima akiri. Gifford hakuandika neno la kuhimiza mateso. Hata hivyo aliacha mlango ambao wengine waliupitia.

Reginald Scot, mwungwana wa Kent, alikuwa amekwisha kuuziba mlango huo mwaka 1584. Alisema kwamba wengi wanaoitwa wachawi ni wanawake wazee, maskini na wenye huzuni, na kwamba ungamo lao lenyewe ni la kutiliwa shaka. Kama teolojia, kazi ya Scot ina mapengo, na Mfalme James alimshambulia kwa jina mwaka 1597. Lakini Scot aliwaangalia washtakiwa. Katika mazungumzo ya Gifford hakuna mshtakiwa hata mmoja anayeketi mezani. Samweli asimulia kwamba aliwahi kuwa mmoja wa waamuzi katika kesi ya mwanamke mzee. Mashahidi wanane au kumi walikuja, waamuzi wakamwona ana hatia, naye akiwa juu ya ngazi ya kunyongewa aliomba na kushuhudia kwamba hana hatia. Danieli amuuliza Samweli kama ana hakika kwamba yule alikuwa mchawi. Swali ni zuri kuliko yote katika kitabu, ila laulizwa baada ya maziko, na mwanamke huyo hana jina.

Kitabu kilichapwa tena mwaka 1603. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria kali zaidi, iliyofanya kuwalisha au kuwatunza pepo wabaya kuwa kosa la kifo hata kama hakuna aliyedhurika. Mwaka 1645, katika Essex ile ile, Matthew Hopkins na wenzake walianza kuwakesheza washukiwa usiku kucha mpaka walipokiri agano. Kazi yao ilivuka hadi Suffolk. Huko walimkesheza John Lowes, kasisi wa Brandeston, mzee wa miaka ipatayo 80 ambaye kwa muda mrefu alikuwa amegombana na washarika wake, wakamkimbiza huku na huku mpaka akakiri. Alinyongwa mwaka huo huo; na kwa kuwa hakupewa mchungaji wa kumzika, inasimuliwa kwamba aliisoma ibada ya maziko yake mwenyewe.