Kipupwe cha Lundo na Baridi ya Ulaya

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa bila kupimwa ni kipupwe. Mfasiri akikutana na majira ya baridi ya Ulaya, mara nyingi huandika kipupwe na kuendelea na kazi yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisawe hicho hakifai katika maandishi ya bustani.

Tuchukue mfano wa helebori. Hii ni mimea ya maua, aina zipatazo ishirini, yenye asili ya Ulaya na Asia. Aina moja, itokayo milima ya Alps, huchanua kati ya Desemba na Machi, hata theluji ikiwa bado imetanda. Ndiyo sababu Waingereza huiita waridi la Krismasi. Mfasiri akiandika kwamba helebori huchanua wakati wa kipupwe, sarufi yake haina kosa. Lakini msomaji aliyeko Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, atafahamu nini?

Kipupwe chake ni Juni hadi Agosti: mvua zimekwisha, upepo wa kusini unachafua ziwa, na mishubiri inatoa maua. Desemba kwake ni masika, wakati wa jembe. Tena Lundo haijui jalidi. Mbegu za helebori huhitaji kipindi cha joto, kisha miezi ya baridi kali, ndipo ziote. Mwalimu atakayezipanda katika bustani ya shule kwa kuliamini neno kipupwe atamwagilia udongo mtupu, na lawama atajitwika mwenyewe ilhali kosa ni la mfasiri.

Hilo waridi la Krismasi nalo lina hatari yake. Helebori si waridi. Waridi kwetu hutolewa marashi. Helebori ina sumu tangu mizizi hadi mbegu. Jina likimkaribisha mtoto kuonja, ufasaha wake hautufai kitu.

Wako watakaosema kwamba maneno hupanuka maana. Ni kweli, na katika hadithi kipupwe cha London huweza kuvumilika. Lakini maelezo ya kupanda ni maagizo, na maagizo hayana budi kumpa mtendaji mwezi na hali ya hewa iliyokusudiwa. Vuli nayo imepatwa na mkasa huo huo: kwetu ni mvua, Ulaya ni kupukutika kwa majani.

Kwa hiyo tunapendekeza kipupwe kibaki na maana yake ya Juni hadi Agosti; kwa Ulaya tuandike majira ya baridi ya kaskazini, na miezi itajwe; na mmea huu uitwe helebori, pamoja na onyo la sumu. Maneno yataongezeka kidogo, lakini mkulima hatapotezewa msimu.