Kapi, Abedari na Kisiki: Uhakiki wa Maneno ya Vifaa vya Kamba Melini

Nililetewa hapa Morogoro fasiri ya maelekezo ya kufunga vifaa vya sitaha katika kivuko, nikaombwa niisahihishe. Kiswahili chake kilikuwa safi, na sarufi haikuwa na kasoro kubwa. Lakini katika kurasa chache tu nilikuta vifaa vinne vilivyo mbali mbali kwa umbo na kwa kazi, na vyote vinne vimepewa jina moja: kapi. Nguzo ya chuma inayozungushiwa kamba ili kivuko kisiondoke gatini iliitwa kapi. Tundu la ubavuni linalopitisha kamba kwenda nchi kavu liliitwa kapi. Gurudumu lililofungwa sitahani liliitwa kapi, na lile linaloning'inia mlingotini vile vile. Mfasiri hakuwa mvivu. Alifanya kama tufanyavyo wengi wetu: alifungua orodha ya maneno, akaona jibu, akaridhika.

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kosa hilo si la mfasiri peke yake. Ni kosa la namna yetu ya kueleza maneno ya kazi. Tumezoea kukieleza chombo kwa kutaja jamaa yake, tukaandika "aina ya kapi" au "namna ya gurudumu," pasipo kusema chombo hicho hufanya nini, hukaa wapi, na huharibiwa na nini. Maelezo ya jinsi hiyo hayamfai fundi, na neno lisilomfaa fundi halikawii kufa.

Na tuanze na jahazi, maana huko ndiko lugha yetu ilikotengenezea maneno haya. Foromali ya jahazi kubwa ni nzito mno kupandishwa kwa mikono mitupu. Kwa hiyo kamba nene, ambayo mabaharia huiita henza, hufungwa kati ya foromali, ikapita juu ya mlingoti, ikashuka upande wa tezi. Mwisho wa henza hufungwa kapi kubwa liitwalo gofia. Chini, kwenye sitaha, kuna kifaa kingine chenye magurudumu ya kamba, kimeshikamana na mbao za chombo. Hicho ndicho abedari. Kati ya gofia na abedari hupita kamba nyembamba zaidi, jarari, ikienda juu na kurudi chini mara kadhaa. Mabaharia wakivuta jarari, gofia hushuka, henza hufuata, na foromali hupanda. Tena, foromali ikiisha kupanda, henza na jarari zilizokazwa huushika mlingoti kwa nyuma usianguke omo upepo unapotia nguvu.

Msomaji ataona kwamba gofia na abedari, ingawa zote zina magurudumu, si kitu kimoja. Gofia husafiri, abedari haiondoki. Gofia ikivunjika, kifaa kinachoning'inia kimevunjika. Abedari ikin'goka, sitaha imepasuka. Mzee aliyetoa majina mawili hakuwa akijipamba kwa wingi wa maneno. Alikuwa akitenga hatari mbili.

Wakusanyaji wa kwanza wa maneno yetu yafaa tuwashukuru. Tangu kitabu cha Steere cha mwaka 1870, na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, hadi kamusi za Madan ya mwaka 1903 na Johnson ya mwaka 1939, maneno ya jahazi yaliandikwa kwa wingi. Wageni hao walifika pwani kwa vyombo vya matanga au waliishi navyo jirani, wakauliza. Kasoro iliingia baadaye, tulipoanza kufupisha. Katika orodha fupi za lugha mbili, kapi, roda, gofia na abedari zote huelekezwa kwenye neno moja tu la Kiingereza. Halafu mwanafunzi akirudi kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, hukuta maneno manne mbele yake pasipo sababu ya kuchagua. Huchukua lile alijualo, nalo ni kapi. Hivyo njia iliyokwenda na maneno manne hurudi na moja.

Pengine mtu atasema kwamba hasara hiyo ni ya wapenda lugha tu, na kamba haijali jina la kifaa. Ni kweli kamba haijali. Lakini mwenye kukiunda kifaa hana budi kujali, kwa kuwa jina humwonyesha mzigo. Kamba iliyokazwa kwa nguvu ya tani moja, ikipita katika kifaa na kugeuka kurudi ilikotoka, hukiwekea kifaa hicho mzigo wa karibu tani mbili. Ikigeuka pembe mraba, mzigo huwa karibu tani moja na nusu. Kwa hiyo abedari, ambayo kamba huijia na kurudi mara nyingi, haitoshi kupigiliwa juu ya ubao kwa misumari. Hutaka bolti zinazopenya sitaha, na chini yake bamba au boriti ya kugawa mzigo. Fundi aliyeambiwa "funga kapi hapa" hakuambiwa hayo.

Nguzo ya kufungia kamba nayo ina hesabu nyingine kabisa. Haina gurudumu, wala haitakiwi iwe nalo. Nguvu yake yote imo katika msuguano. Tukikadiria kipimo cha msuguano kuwa 0.3, kamba iliyozungushwa mara moja tu humwezesha mtu kuzuia mzigo unaozidi nguvu yake mara sita na zaidi. Ikizungushwa mara mbili, huzuia mara arobaini na zaidi. Kapi limeumbwa ili kuuondoa msuguano, na nguzo imeumbwa ili kuutumia. Kuviita vyote viwili kapi ni sawa na kuita breki gurudumu kwa sababu vyote vimo garini.

Hapa naona nijibu swali ambalo rafiki zangu huniuliza kila nikisema habari hizi: mtu aishiye chini ya milima ya Uluguru ana haki gani ya kuwasahihisha watu juu ya meli? Nami hujibu kwamba bahari ilikwisha kufika Morogoro zamani. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kwanza karibu na Pangani, ulienea hata mashamba ya Tungi na Kimamba, na katani yake ikawa kamba za meli za dunia nzima. Msaji, ambao waunda vyombo wa pwani waliuagiza kutoka Bara Hindi, ulipandwa Mtibwa katika mkoa huu huu. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Na kwa reli hiyo ndipo ilipopita meli nzima, vipande vipande ndani ya maelfu ya masanduku, baada ya kuundwa Papenburg mwaka 1913. Ilikuwa ikienda kuunganishwa Kigoma. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kila nguzo na kila tundu la kamba la meli hiyo lilipita chini ya Uluguru kabla ya kugusa maji ya Tanganyika.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni hii, kwamba kazi ya kuongoza kamba si ya baharini peke yake. Mtu anayeteremsha gogo katika mteremko mkali, na Uluguru haina uhaba wa miteremko, huzungusha kamba kwenye kisiki. Mwenzake hulisukuma gogo. Yeye huiachia kamba kidogo kidogo, na kisiki hubeba kishindo. Anajua kwamba mzunguko mmoja haumtoshi kwa gogo bichi. Anajua kwamba kisiki chenye kona kali huikata kamba, kwa hiyo hukichonga kwanza kiwe mviringo. Anajua pia kwamba kamba yapasa izungushwe karibu na ardhi, kwa maana ikipanda juu kisiki hung'oka. Hayo matatu ndiyo yale yale anayofundishwa msanifu wa nguzo za sitaha.

Kwa hiyo napendekeza kwamba nguzo ya kufungia kamba, melini na gatini, iitwe kisiki. Neno hilo halihitaji kufundishwa. Mtoto wa Matombo na mtoto wa Kilwa wote walijua, na ndani yake mna maana ya kitu kilichotia mizizi, kisichozunguka wala kutikisika. Najua wako watakaoona ni jina duni kwa kitu cha chuma. Hao wakumbuke kwamba lugha nyingi zimekipa chombo cha kigeni jina la kitu cha nyumbani, na hakuna aliyezicheka.

Lililo gumu zaidi ni lile tundu la ubavuni. Fasiri nyingine niliyoiona hukiita kifaa hicho "kiongozi cha kamba." Jina hili halina kosa la sarufi, lakini lina kosa la fikira. Lafuata neno la kigeni, nalo latufanya tudhani kwamba kazi ya kifaa ni kuonyesha njia tu. Kwa kweli kazi yake ni kukubali kulika. Kamba itasugua mahali fulani, hapana budi. Kifaa hiki kimewekwa ili isugue hapo, isisugue kwenye mbao za chombo, na ili kamba yenyewe isichakae upesi. Mimi ningekiita kipitio, yaani mahali kamba inapopitia, kisha maelezo yaseme wazi jinsi kinavyodumu.

Na jinsi kinavyodumu hujulikana. Midomo yake iwe mviringo mpana, kwa sababu kamba iliyokunjwa penye ukingo mwembamba hukazwa nyuzi za nje tu, zikakatika moja moja. Kisipitishe leo kamba ya waya na kesho kamba ya katani au nailoni; waya huchimba mifereji katika chuma, na mifereji hiyo huwa misumeno kwa kamba laini inayofuata. Kikiwa cha shaba kisifungwe kwa bolti za chuma cha kawaida, kwa kuwa katika maji ya chumvi chuma huliwa upesi kinapogusana na shaba, na kifaa kizima hung'oka kikiwa bado kizuri kwa kutazama. Kama kamba huvutwa kutoka juu na kutoka chini pia, kipitio kisiwe wazi kwa juu, bali kiwe tundu lililozibwa pande zote. Ndiyo sababu tundu la namna hiyo huitwa kwa jina la Panama, ambako mfereji uliofunguliwa mwaka 1914 huinua na kushusha meli huku zikiwa zimefungwa kamba.

Sisemi kwamba kamusi iwe kitabu cha uhandisi. Nasema kwamba kila neno la kazi lipewe maelezo yenye kujibu maswali matatu: hufanya nini, hukaa wapi, huharibiwa na nini. Kwa mfano, abedari: kifaa chenye magurudumu ya kamba, kilichokazwa sitahani ili jarari ipite kati yake na gofia, ambacho hushindwa kwa kung'oka. Kisiki: nguzo fupi ya sitaha au gati, isiyo na gurudumu, inayozuia kamba kwa msuguano. Kipitio: mdomo au tundu la ubavuni lenye kingo za mviringo, linalopokea msuguo wa kamba badala ya chombo. Kapi na roda zibaki kwa vifaa vyenye kuzunguka. Mistari hiyo haizidi ile tunayoipoteza kwa kuandika "aina ya."

Wako watakaosema kwamba maneno ya jahazi yamepitwa na wakati, na afadhali tukae mezani tukaunde mapya yanayolingana na ya kigeni moja kwa moja. Milima iliyo mbele ya dirisha langu ina neno la kuwaambia. Mwaka 1950 ulianzishwa Uluguru mpango wa kuhifadhi ardhi, wakulima wakalazimishwa kuchimba ngazi katika mashamba yao. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa njema. Lakini ngazi hizo ziliufunika udongo wenye rutuba kwa udongo wa chini, tena hazikuifaa miteremko mingi, na aliyeijua miteremko hakusikilizwa. Mwaka 1955 pakatokea machafuko, mpango ukaachwa. Istilahi zinazotungwa pasipo kumwuliza mwenye kushika kamba zitaachwa vivyo hivyo, ila zenyewe zitaachwa kimya kimya, na mwenye kuzitunga hatajua.

Ile fasiri niliirudisha kwa mwenyewe na masahihisho manne, kila kifaa na jina lake. Alinijibu kwamba masahihisho matatu aliyakubali, lakini kisiki kilimtia shaka, kwa kuwa hakukiona katika kamusi kwa maana hiyo. Simlaumu. Jibu lake linatuhusu sisi tunaoandika kamusi kuliko linavyomhusu yeye, nami naliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili walipatie hukumu.